Barua kwa Mwanangu: Miaka ya Roosevelt Huko Dakota

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo sote hapa nyumbani. Umeniuliza kama kazi yako ya afisa mifugo huko Longido, mbali na wakubwa, haitakukosesha uongozi, ilhali wenzako wamebaki Dodoma. Nitakujibu kwa habari za Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani aliyekuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909.

Alizaliwa New York mwaka 1858 katika ukoo wa kitajiri, akasumbuliwa na pumu utotoni, na akaingia katika bunge la jimbo lake akiwa kijana mno. Februari 14, 1884, mama yake na mkewe walifariki siku moja, katika nyumba moja. Alikwenda kuishi Dakota, eneo la magharibi mwa Marekani, kando ya mto Little Missouri, nchi ya makorongo na vilima vikavu ambako alikuwa ameanza kufuga ng'ombe.

Wachungaji wa huko hawakujali ukoo wake. Waliicheka miwani yake, wakaja kumheshimu walipomwona akishinda juu ya farasi na kukesha zamu kama wao. Mwaka 1886 wezi watatu walimwibia mashua. Yeye na wenzake wawili wakaunda nyingine, wakawafuata mtoni kati ya mapande ya barafu hadi wakawakamata. Wengi wangewaua papo hapo, lakini yeye aliwapeleka mji wa Dickinson wakashtakiwe, akitembea nyuma ya gari la farasi, bunduki mkononi, bila kulala.

Somo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka katika majira ya baridi ya 1886 na 1887. Wafugaji walikuwa wamejaza mifugo kupita uwezo wa malisho, kiangazi kikawa kikavu, na theluji ilipofunika nyasi alipoteza zaidi ya nusu ya ng'ombe wake. Akiwa na somo hilo, alipokuwa rais, kati ya 1901 na 1909, aliweka chini ya hifadhi ardhi ya umma ipatayo ekari milioni 230, na mwenyewe alikiri kwamba bila Dakota asingefika Ikulu.

Hata hivyo, nyika haikumfundisha kila kitu, kwani aliwadharau wenyeji asilia waliokuwa wakiifahamu ardhi ile kabla yake, na hilo silisamehe kirahisi. Kwa hiyo usiombe uhamisho sasa. Kaa na wazee wa Kimaasai, wakueleze jinsi wanavyotenga malisho ya ndama kabla ya kiangazi, nawe uniandikie walichokuambia.

Mzazi wako akupendaye