MUULIZE MWALIMU: Nani alimlipia Hitler?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, Iringa. Darasani tunaambiwa Hitler aliwateka Wajerumani kwa hotuba. Baba yangu ni mweka hazina wa chama cha ushirika, naye anasema chama hakiendeshwi kwa maneno. Je, matajiri wa viwanda ndio waliomnunua?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msalimie baba, ameuliza panapostahili. Nilifundisha historia miaka 27, na kwa muda mrefu nilijaza ubao jina la mtu mmoja. Habari za fedha nilichelewa kuziuliza, na najuta.

Kumnunua, hapana. Kabla ya 1933 chama cha Nazi kiliishi zaidi kwa ada za wanachama na viingilio vya mikutano. Fritz Thyssen, tajiri wa chuma, alitoa mapema, lakini wenzake wengi walipendelea vyama vingine vya mrengo wa kulia. Uchaguzi wa Novemba 1932 ulikipunguzia chama kura kama milioni 2 na kukiacha na madeni.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Februari 20, 1933, Hitler akiwa tayari kansela, wenye viwanda zaidi ya 20 waliitwa Berlin, kwenye makazi ya Hermann Göring, mmoja wa vigogo wa Nazi. Hitler akawaambia kwamba biashara binafsi haiwezi kudumu chini ya demokrasia. Göring akasema uchaguzi wa Machi 5 ungekuwa wa mwisho kwa miaka 10, pengine 100. Schacht, mtu wa benki, akaomba marki (fedha ya Ujerumani) milioni 3. Gustav Krupp, tajiri wa chuma na silaha, alishukuru kwa niaba ya wenzake, na kampuni ya kemikali ya IG Farben ikatoa 400,000. Waliambiwa kura inakwenda kuzikwa, wakachangia sanda!

Mwezi Mei vyama vya wafanyakazi vikavunjwa. Juni ukaanzishwa Mchango wa Adolf Hitler, uliokadiriwa kwa mishahara ambayo kila kampuni ililipa. Aliyelipa alipata kinga dhidi ya makada waliokuwa wakimbishia hodi kila mara kuomba. Fungu hilo alilishika Martin Bormann, kigogo wa chama, na sehemu yake ilijenga makazi ya Hitler mlimani Obersalzberg. Hadi 1945 zilikusanywa takriban marki milioni 700. Na IG Farben ile ile ilijenga kiwanda Monowitz, karibu na kambi ya mateso ya Auschwitz, ikiwalipa SS, kikosi cha Nazi kilichosimamia kambi, marki 3 au 4 kwa siku kwa kila mfungwa aliyefanyishwa kazi. Mfungwa mwenyewe hakupata kitu.

Lakini mwambie baba asiwatazame wakubwa peke yao. Kila nyumba 40 hadi 60 zilikuwa na kada wake, Blockleiter. Alikusanya ada, alipitisha kopo la msaada wa majira ya baridi, na kwenye Jumapili za chakula cha chungu kimoja familia zilitakiwa kumpa akiba ya mlo huo. Aliyechanga alipewa kibandiko cha mlangoni. Mlango usio na kibandiko ulionekana na mtaa mzima.

Mweka hazina wa chama, Franz Xaver Schwarz, alitunza kadi za wanachama mjini München. Mwaka 1945 zilipelekwa kiwanda cha karatasi zikasagwe. Mwenye kiwanda hakuzisaga. Alizificha, na Wamarekani wakakuta mamilioni ya majina.