Maswali ya Wasomaji: Tuwafundisheje Watoto Kuhusu Ardhioevu?

Barua tatu tulizozichagua safari hii zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na zote zinagusa jambo moja: ardhioevu, yaani maeneo yenye majimaji kama vinamasi. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yenye kazi kubwa.

SWALI: Ninafundisha darasa la nne katika shule iliyo karibu na mwalo, upande wa Igombe. Mada ya ardhioevu nimeifundisha mara mbili, na wanafunzi wanakariri maana yake bila kukosea, lakini nikiwauliza faida ya mafunjo yaliyo nyuma ya shule yetu wanajibu kwamba hayana faida mpaka yafyekwe watu walime. Nifanye nini waelewe? Halafu, ni kweli kwamba ardhioevu zina siku yake maalumu?
*Mwalimu, Ilemela*

JIBU: Mwalimu, nadhani shida inaanzia kwenye neno lenyewe. "Ardhioevu" ni istilahi nzuri na imeundwa vyema, lakini mtoto wa Igombe haisikii nyumbani; anachokisikia huko ni kinamasi, matete, majaruba, na pale mahali babu alipomfukua kamongo kwa jembe. Ukianza na ufafanuzi, ataandika daftarini kitu ambacho hajui kuwa ndicho kile anachokiona kila siku dirishani.

Mimi ningeanza na kitoweo. Waambie wataje samaki waliowala wiki hiyo, uwaandike ubaoni: sato, sangara, dagaa, kambare, kamongo, furu. Kisha uliza swali ambalo wengi hawajawahi kuulizwa: kila mmoja wa hawa alikuwa wapi alipokuwa mdogo kama kidole? Kamongo ana mapafu, hivyo hulazimika kupanda juu kuvuta hewa, na ardhi ikikauka anaweza kujichimbia kwenye tope na kusubiri mvua. Dume lake hutengeneza kiota katika mimea ya ukingoni na kulinda mayai na watoto. Mtoto akishalijua hilo, hutahitaji kumweleza kwa maneno mengi kwa nini pale matete yanapofyekwa kamongo nao huadimika.

Habari ya furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, ina uzito zaidi, na inawahusu watu wa Mwanza kwa namna ya pekee. Sangara, ambaye huwala furu, hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza walishuhudia aina nyingi za furu zikitoweka mbele ya macho yao, katika ziwa lililokuwa na aina zipatazo 500 au zaidi. Waliosalimika wengine walipata maficho ndani ya vinamasi. Maji yaliyo katikati ya mafunjo yaliyosongamana yana oksijeni kidogo, hali ambayo sangara haiwezi lakini baadhi ya furu huivumilia. Kwa hiyo kichaka kile ambacho wanafunzi wako wanaona hakina kazi ni ngome ambayo adui haingii, na sijaona mtoto asiyependa kusikia habari za ngome.

Baada ya hapo waletee bua moja la mafunjo darasani, ukilikata wewe mwenyewe na si wao. Walipapase wagundue kwamba lina pembe tatu na halina vifundo, tofauti na tete ambalo ni la mviringo na lina vifundo kama mwanzi. Likate katikati waone ule moyo mweupe, mwepesi kama sponji, uliojaa hewa. Liweke kwenye beseni la maji nalo litaelea. Ndiyo maana mafunjo huweza kutanda juu ya maji na kufanya kama zulia zito lenye mizizi chini yake.

Kisha onyesha kazi yake. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, uzilaze, na kila moja uikate dirisha ubavuni. Zijaze udongo wa bustani, moja iwe na nyasi zilizokwisha kushika mizizi, nyingine iwe tupu. Ziinamishe kidogo kuelekea mdomoni, weka glasi chini ya kila mdomo, halafu mimina kikombe kimoja cha maji polepole katika kila chupa. Maji ya chupa tupu yatatoka rangi ya chai ya maziwa. Yale ya nyasi yatachelewa kutoka na yatakuwa meupe zaidi. Hapo nakuomba uwe mwangalifu na maneno, kwa kuwa vitabu vingi husema mafunjo "huchuja" maji, na mtoto hufikiri ni kama chujio la chai. Kazi ya kwanza ni kuyapunguzia maji mwendo mpaka tope litue lenyewe. Ya pili hufanywa na mizizi pamoja na vijidudu vinavyoishi juu yake, vinavyotumia naitrojeni na fosforasi itokayo kwenye mbolea na maji machafu. Virutubisho hivyo vikifika ziwani kwa wingi hulisha mwani, maji hugeuka kijani, na mwani unapooza oksijeni hupungua na samaki hufa. Baada ya mvua kubwa, wapeleke wasimame mahali salama darajani, watazame Mto Mirongo unavyoteremka mjini ukiwa na tope na taka zake.

Watakuuliza pia kuhusu gugumaji, kwa sababu kwa macho yao majani yote ya majini ni mamoja. Waambie hilo ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na miongoni mwa mbinu za kulipunguza ilikuwa kuwaachia wadudu jamii ya fukusi walile. Mafunjo ni mwenyeji.

Siku ipo: ni tarehe 2 Februari, kukumbuka mkataba wa ardhioevu uliotiwa saini mwaka 1971 mjini Ramsar, Iran. Tanzania ina maeneo manne katika orodha ya mkataba huo: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja la kando ya Ziwa Victoria, na darasa la nne wana haki ya kuuliza sababu.

SWALI: Shule ya mwanangu inapanga kuwapeleka watoto kutazama kinamasi. Naogopa kichocho na mamba. Nimkatalie?
*Mama wa watoto wawili, Nyegezi*

JIBU: Usimkatalie, dada, weka masharti. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, na hupenya ngozi katika dakika chache tu, kwa hiyo hakuna mtoto wa kutia mguu majini, hata kwa kunawa. Watazame wakiwa juu ya mwamba au gatini, kukiwa kumekwisha kupambazuka vizuri, kwa kuwa viboko hutoka kula usiku na kurudi majini alfajiri, tena kwa njia zao zilezile. Njia ya kiboko katika matete si mahali pa kusimama. Kama shule ina uwezo, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ipo mjini hapohapo, na ina waongozaji.

SWALI: Mjukuu wangu amerudi kutoka shuleni akaniambia nisifyeke matete yaliyo mbele ya nyumba. Mimi najua ndiyo yanayotuletea mbu na nyoka. Nani mkweli?
*Babu, Magu*

JIBU: Shikamoo, mzee. Kwa habari ya nyoka, wewe ndiye mkweli, na mwalimu anayewaambia watoto kwamba kinamasi hakina hatari anawadanganya. Fyeka njia ya kupita na sehemu inayozunguka nyumba. Hilo halina ubaya. Kwa mbu, mna ukweli nusu kwa nusu. Wapo mbu wa malaria wanaopenda maji yenye majani, lakini wale wanaoeneza ugonjwa huu zaidi katika sehemu nyingi huzaliana kwenye vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, alama za matairi ya gari, mashimo ya kufyatulia matofali. Ukifyeka kinamasi chote na kuingiza mifugo, unaweza kuwa umewatengenezea hao makazi. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mpe mjukuu kamba mpime pamoja, na mkiwa njiani mfukie mashimo ya matofali.