Mjusi wa madoa alalie nini? Maswali yenu kutoka Malindi na Lamu

Tangu nitaje hapa kwamba nyumbani nafuga mjusi wa madoa, yule aitwaye lepadi geko, simu yangu haina raha. Wengi wenu mmeachiwa na wageni waliorudi makwao, na wengi mwauliza jambo moja: tandiko. Nimechagua maswali machache.

*Assalaam aleikum. Mwajiri wangu aliporudi Italia alimwachia mwanangu mjusi huyu. Nimemjazia mchanga wa ufukweni, mweupe, msafi. Nimekosea? (Mama Zuhura, Casuarina)*

Waaleikum salaam, Mama Zuhura. Umekosea, lakini hata mimi nilianza hapo hapo. Tukisikia kwao ni Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India, twaona jangwa na vilima vya mchanga. Sivyo. Kule hutembea juu ya udongo mkavu ulioshikana na mawe, na mchana hujificha kwenye nyufa. Mchanga wetu una chumvi, una na vipande vya makombe na matumbawe. Naye mjusi huyu hujua dunia kwa ulimi: kila hatua mbili analamba. Akimrukia nyenje, hufunga kinywa na chochote kilicho chini yake.

Wangu alikaa wiki tatu juu ya mchanga wa pwani. Kwanza aliacha kwenda choo, kisha akaacha kula, tumbo likawa gumu na miguu ya nyuma ikaanza kuburuta. Daktari wa mifugo niliyempigia alicheka kwanza, halafu akaniambia nimkalishe kwenye maji ya uvuguvugu yasiyofika mabegani. Siku ya nne alitoa donge la mchanga mfano wa kokwa ya tende. Nilikuwa na bahati. Wako akionyesha dalili hizo, usisubiri siku ya nne. Mpeleke kwa daktari.

Na jambo moja zaidi: mjusi mzima, mwenye joto la kutosha na kalsiamu ya kutosha, punje chache humpita tu. Anayeula mchanga kwa makusudi mara nyingi anatafuta kalsiamu. Kwa hiyo mnyunyizie unga wa kalsiamu kwenye nyenje, lakini usinunue ule mchanga wa pakiti unaosifiwa kuwa ni wa kalsiamu na unalika. Huo ndio utakaomfanya aule zaidi.

*Nikiuosha mchanga huo kwa maji ya bomba na kuuanika je? (Mama Zuhura tena)*

Chumvi itatoka. Makombe yatabaki. Na ikiwa wauchota ndani ya hifadhi ya bahari, jua kwamba kutoa makombe na matumbawe mle ni marufuku.

*Mimi ni seremala hapa Langoni, Lamu. Maranda ninayo magunia. Yatamfaa? (Fundi)*

Fundi, wewe mwenyewe ukipiga randa mvule si wafunga kitambaa puani? Basi fikiria kiumbe cha sentimita ishirini na kitu, pua yake iko sentimita moja kutoka kwenye hilo vumbi usiku kucha. Mbao za msonobari na mwerezi ndizo mbaya zaidi kwa sababu ya mafuta yake yenye harufu kali. Tena maranda yakimezwa hayasagiki. Maranda wape wafuga kuku. Kwa mjusi, tengeneza kijisanduku cha kujifichia, kisicho na rangi wala vanishi.

*Basi nitandike nini? Nataka kitu rahisi. (Kazungu, Maweni)*

Kazungu, nenda kwa fundi wa vigae anayemalizia nyumba, umwombe vipande vilivyobaki. Chagua vyenye uso mkwaruzo, si vile vinavyong'aa kama kioo, maana mjusi huyu hana vidole vya kunata kama mjusi wa ukutani. Ana kucha, na huteleza. Vipige msasa kingo, uvipange vibanane, kwa sababu nyenje hupenda kujibanza chini yake na kutoka usiku kumng'ata mjusi mwenyewe. Ikifika magharibi utasikia kucha zake juu ya kigae, tik-tik-tik, ametoka kuwinda.

Uzuri wa kigae ni joto. Mjusi huyu husaga chakula kwa joto la tumboni, analolipata kwa kulala juu ya kitu chenye moto. Upande mmoja wa sanduku weka mkeka wa umeme chini, wenye kidhibiti joto, na upime juu ya kigae: nyuzi 32 hadi 34. Mkeka huo ukiufukia chini ya mchanga mwingi, juu patabaki baridi na chini pataungua. Upande wa pili uwe na ubaridi. Mwezi wa Machi hapa Malindi hilo ni kazi, kwa hiyo sanduku lisikae chini ya bati wala karibu na dirisha la jua.

Choo huenda pembe moja tu, kila siku pale pale. Tandika tishu hapo, ubadilishe kila asubuhi. Mjusi mdogo au aliyeletwa karibuni mtandikie karatasi ya jikoni kote kwa mwezi wa kwanza, ili uone choo chake kilivyo.

Na kama roho yako yataka udongo, changanya sehemu saba za udongo usio na mbolea na tatu za mchanga wa mto uliochekechwa, ulowanishe, uushindilie kama sakafu ya nyumba ya udongo, ukauke kabisa. Hiyo ni kwa mjusi mkubwa mwenye afya.

*Makumbi je? Yamejaa bure huku. (Muyeye)*

Makumbi hushika maji, na hewa yetu wakati wa masika tayari imelowa. Sanduku zima la makumbi litaota ukungu, na mjusi ataumwa kifua. Nyuzi ndefu nazo humzonga vidoleni. Unyevu anauhitaji mahali pamoja tu: kopo lenye tundu, ndani tishu mbichi, ambamo atajichuna ngozi. Akishamaliza, tazama vidole. Pete ya ngozi ikibaki hukaza, na kidole hukatika.

*Kipande cha zulia? (Ngala)*

Kucha hunasa. Hapana.

*Majirani wasema nafuga mjusi kafiri. Na je, kuna kibali? (Shela, Lamu)*

Kisa cha mjusi aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahim nimelelewa nacho pia, bibi yangu alikuwa na ufagio wake maalumu. Waonyeshe majirani kwamba huyu hupepesa macho na hapandi ukuta. Yule wa darini hana kope. Waamue wenyewe. Kuhusu kibali, fika ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla mtu hajafika kwako. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi na anayefuga bila ruhusa.

*Mjukuu wangu ataka kulala naye kitandani. (Bi Mwanaisha, Mambrui)*

Asilale naye, bibi. Atamlalia, na wanyama hawa hubeba salmonela hata wakiwa wazima. Mtoto akimshika, anawe kwa sabuni. Kigae chake kioshwe uani, si kwenye karo la vyombo.