Maswali ya Wasomaji: Itereta Inapokatizwa Katikati ya Kitanzi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza jinsi V8, injini inayoendesha JavaScript ndani ya Chrome na Node.js, inavyofanya kazi. Nimeandika funksheni inayopita kwenye safu kwa for-of na kujumlisha vipengele vyake. Ninaiita mara 10,000 kwa safu za nambari pekee, kisha ninaipa safu [1, 2, "tatu", 4] ili injini ilazimike kuuacha msimbo ulioboreshwa na kurudi kwenye msimbo wa kawaida. Kila mara ninapata "3tatu4", jibu ambalo ndilo sahihi. Je, nimethibitisha kwamba itereta (kitu kinachokipa kitanzi vipengele kimoja kimoja) haiharibiki wakati wa deoptimaizesheni, yaani kurudi huko? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ndugu msomaji, wazo la kuweka neno katikati ya nambari ni zuri, na nitaeleza kwa nini. Kompaila ya TurboFan, sehemu ya V8 inayotoa msimbo ulioboreshwa, ikiisha kuona kwamba kinachojumlishwa ni nambari tu, hutoa msimbo wa mashine unaoitegemea dhana hiyo, na mara nyingi haiundi hata itereta yenyewe, bali hubaki na nambari ya nafasi ndani ya rejista, hifadhi ndogo ya prosesa. Neno "tatu" linapofika, dhana huvunjika, na injini hulazimika kuijenga kwenye kumbukumbu itereta ambayo haikuwapo, tena ikiwa imekwisha kufika nafasi ya 3, kwa sababu kipengele cha nafasi ya 2 kimeshatolewa (nafasi huhesabiwa kuanzia 0). Ikiandikwa 2 kwa makosa, intapreta, sehemu inayoendesha msimbo wa kawaida, italichukua neno lile lile kwa mara ya pili na wewe utapata "3tatutatu4". Jaribio lako linaweza kulinasa kosa hilo, kwa hiyo usilitupe.

Kinachokosekana ni ushahidi kwamba deoptimaizesheni ilitokea. Kuita funksheni mara 10,000 hakukuhakikishii lolote, kwa kuwa uboreshaji hufanyika kwenye uzi mwingine, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na programu yako, na huenda haujakamilika, au funksheni yako imemezwa ndani ya kitanzi kilichoiita. Endesha programu kwa --allow-natives-syntax, inayoruhusu amri za ndani za V8 zinazoanza na %, itayarishe funksheni kwa %PrepareFunctionForOptimization, iite mara chache kwa nambari, kisha tumia %OptimizeFunctionOnNextCall na uiite tena kabla ya kuipa safu yenye neno. Ukiongeza --trace-deopt, injini itakuandikia mahali na sababu ya kurudi nyuma. Jaribio linalofaulu bila kuonyesha kwamba msimbo uliboreshwa na kisha ukaachwa, mimi silihesabu kuwa jaribio la jambo hili. Rudia pia kwa %OptimizeMaglevOnNextCall, kwa kuwa tangu Chrome 117 ya mwaka 2023 kuna kompaila nyingine ya uboreshaji iitwayo Maglev, nayo ina makosa yake yenyewe.

Sasa niingie kwenye sehemu ninayoiona ngumu zaidi. Itereta ya safu ni rahisi, kwa kuwa kuisoma mara mbili hakuachi alama yoyote nje ya jumla yako. Andika itereta yako mwenyewe, ambayo next yake (funksheni ambayo kitanzi huiita kupata kipengele kinachofuata) huandika kwenye daftari kila inapoitwa, na ndani ya next hiyo ita %DeoptimizeFunction dhidi ya funksheni yenye kitanzi. Wakati huo funksheni hiyo ingali kwenye rundo la miito, ikisubiri jibu, kwa hiyo msimbo wake hauwezi kuachwa papo hapo. Huwekewa alama tu, na udhibiti unaporudi ndipo fremu yake, yaani kumbukumbu ya mwito wake kwenye rundo, hujengwa upya kwa ajili ya intapreta. Intapreta inatakiwa ilipokee jibu lililokwisha kutolewa na kuendelea baada ya mwito, isiuanze mwito upya. Fanya vivyo hivyo ndani ya kisomaji cha done na kisomaji cha value, sehemu mbili za jibu la next zinazosema kama itereta imemaliza na kipengele ni kipi, kwa kuwa kila kimoja ni mahali tofauti pa kurejea, kisha ulinganishe daftari hilo, mstari kwa mstari, na daftari la mwendo ambao haukuboreshwa kabisa. Mbinu ya deoptimaizesheni ilielezwa mwaka 1992 na Hölzle, Chambers na Ungar katika lugha ya Self, ili msaka hitilafu aione hali ya programu kana kwamba uboreshaji haukuwahi kufanyika, na hicho ndicho kipimo unachopaswa kukitumia.

Usiisahau return, funksheni ya itereta inayoitwa ili kuifunga kabla haijamaliza. Kitanzi kikikatizwa kwa break au kwa kosa lililotokea ndani ya mwili wake, return lazima iitwe mara moja. Lakini kosa likitoka ndani ya next yenyewe, return haiitwi kamwe. Ili kutofautisha hali hizo, V8 hutunza alama kwenye rejista ya intapreta, ikiiweka kuwa kweli kabla ya kuita next na kuirudisha kuwa si kweli kabla ya kuingia kwenye mwili wa kitanzi. Alama hiyo nayo ni lazima ivuke salama. Basi ifanye next isababishe deoptimaizesheni na mara hiyo hiyo itupe kosa, kisha hesabu miito ya return: unatarajia sifuri.

SWALI: Nilibadilisha next ya itereta za safu wakati kitanzi kikiendelea, lakini injini iliendelea kutumia ile ya zamani. Je, hiyo ni hitilafu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana. Kanuni za ECMAScript, yaani kanuni rasmi za lugha ya JavaScript, zinaagiza kwamba next isomwe mara moja tu, kitanzi kinapoanza, kwa hiyo kitanzi kinachoendelea hushika ile kiliyoanza nayo hata kama msimbo wake ulioboreshwa umefutwa kwa sababu ya badiliko lako. Hitilafu ingekuwapo kama kitanzi kinachoanza baadaye nacho kingetumia next ya zamani. Urefu wa safu ni jambo jingine: husomwa upya kwa kila hatua, hivyo ukiongeza kipengele kwa push kitanzi kikiwa bado kinaendelea, ni lazima kionekane, ilhali itereta iliyokwisha kusema imemaliza haifufuki hata safu ikirefushwa. Jaribu yote mawili, kabla na baada ya kurudi nyuma.