Mwanangu, umeniuliza wanapata wapi moyo

Mwanangu Neema,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma, kisha nikamsomea baba yako. Unauliza: wale wanawake unaowapita asubuhi hapo Ahmedabad, India, wanaopanga mboga chini kabla jua halijachomoza, wanapata wapi moyo wa kurudia kazi ileile kila siku, ilhali wewe uko mwaka wa pili tu wa famasia na umekwisha kuchoka? Swali hilo ni kubwa kwa simu, ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Nilipokuwa nasomea ushirika huko kwenye jimbo lako la Gujarat, nami niliwatazama sana. Nilichokiona ni kwamba yule mama anaamka kwa sababu kuna watu wanaomngoja, na katika kile wanachokifanya pamoja ana fungu lake. Siku moyo wake ukilegea, wenzake wanamshika. Peke yake asingeweza, na wala hajaribu.

Nenda Manek Chowk, ukae kidogo. Unapajua: asubuhi soko la mboga, mchana masonara, usiku vibanda vya chakula. Hapo na kwenye masoko ya nguo ya jirani walikuwepo wanawake waliobeba marobota ya vitambaa kichwani, wauza mboga, waokota makaratasi, wasokota bidi (sigara ndogo za majani), wauza nguo kuukuu. Walifanya kazi kutwa, lakini serikalini hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi. Ela Bhatt, mwanasheria aliyekuwa katika chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, akaenda kuwasikiliza. Mwaka 1972 wakaandikisha chama chao, SEWA, yaani Chama cha Wanawake Waliojiajiri. Mwanzoni ofisi ya usajili iliwakatalia: hawana mwajiri, sasa chama kitamdai nani? Wakajibu kwamba chama ni cha kuungana wao kwa wao, si lazima kiwe cha kupambana na tajiri. Jibu hilo nililiandika kwenye daftari langu la darasani, na daftari hilo ninalo mpaka leo.

Tatizo lililowala zaidi lilikuwa mkopo. Muuza mboga alikopa mtaji asubuhi, akauza kutwa nzima juani, jioni faida yote ikaishia kwenye riba. Benki hazikutaka watu wasiojua kusoma wala kutia sahihi. Basi mwaka 1974 wanawake 4,000 wakachanga rupia 10 kila mmoja, wakafungua benki yao wenyewe. Na suala la sahihi walilitatua kwa namna inayonigusa kila nikiikumbuka: picha ya mwenye akaunti ilibandikwa kwenye daftari lake la akiba. Mama asiyejua kuandika jina lake, uso wake ukawa ndio sahihi yake. Leo chama hicho kina wanachama zaidi ya milioni 2, na benki yake ilianza kwa rupia 10 za watu ambao hakuna benki iliyowataka.

Sasa unaelewa kwa nini mimi sikosi kikao cha vikoba Jumamosi, hata nikiwa na mafua. Najua kuna mwenzangu anangoja mkopo wake wa mbolea, na hisa yangu imo ndani yake.

Ukipata siku huru, panda treni uende Anand, si mbali. Huko mwaka 1946 wafugaji wa wilaya ya Kaira, wakiongozwa na Tribhuvandas Patel, walikataa kuendelea kumuuzia maziwa mfanyabiashara aliyekuwa na haki ya kuyanunua peke yake, wakaanzisha muungano wao. Tembelea kituo cha kijijini, hasa alfajiri. Utaona foleni ya watu na ndoo zao, mwenye nyati wa kufugwa mmoja na mwenye kumi, kila mtu kwa zamu yake. Maziwa yanapimwa mafuta, yanaandikwa, yanamiminwa kwenye chombo kimoja. Jioni wanarudi tena. Nyati hajui sikukuu, na jirani yako kwenye foleni asipokuona leo ataulizia.

Foleni hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Sitakuficha, mwanangu: India ina ubaguzi wa matabaka, na nina hakika umekwisha kuuona, pengine wewe mwenyewe umetazamwa vibaya kwenye basi kwa rangi yako. Usiusifu wala usiuzoee. Lakini maziwa ya mtu wa tabaka la chini yanapochanganyika na ya mtu wa tabaka la juu, na hakuna tena wa kuyatenganisha, hapo kuna jambo limetendeka ambalo hotuba nyingi hazijaliweza. Mambo ya namna hiyo ndiyo ninayotaka uyatafute.

Na mengine yako mlangoni pako. Pita kwenye mitaa ya kale, zile pol zenye malango ya mbao. Tazama minara midogo ya kulishia ndege: mtaa mzima unahakikisha nafaka haikosekani pale. Tazama baraza za nje wazee wanapokaa jioni. Tarehe 14 Januari, sikukuu ya tiara, usijifungie chumbani na vitabu. Panda darini kwa jirani urushe tiara, ule ufuta wa sukari guru. Ikifika Navratri, sikukuu ya usiku tisa, ingia kwenye duara la ngoma ya garba hata kama miguu yako haijui. Wahindi tuliokua nao hapa, wengi asili yao ni huko Gujarat, ikiwemo Kutch, nasi tuliisikia ngoma hiyo kupitia ukuta tu. Wewe umepewa nafasi ya kuwa ndani.

Kuhusu masomo, nakuomba ufanye hivi. Tafuta wenzako watatu darasani, awepo Mhindi mmoja angalau, mpange siku mbili kwa wiki. Kila mmoja apewe mada ya kuwafundisha wengine. Ukijua kwamba Alhamisi kuna watu watatu wanangoja uwaeleze dawa za moyo zinavyofanya kazi, utaamka. Na yule masi (mama mdogo, kwa Kigujarati) mwenye nyumba wako, ambaye unasema anakusalimia kila ukipita, acha kumpita tu. Kaa barazani hata robo saa, umsaidie kuchambua dengu, akufundishe Kigujarati.

Baba yako ametuma ada ya muhula. Angalia benki Jumatano. Shuka nene nimempa kijana wa Mzee Mushi anayesafiri mwisho wa mwezi. Ukishawapata hao watatu, niandikie majina yao na mada uliyopangiwa.

Mama yako