Nyama inanikwama, je, ni mzio?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Minneapolis, na nina pumu tangu utotoni. Juzi harusini nyama ya mbuzi ilinikwama kifuani saa nzima, hata mate hayapiti. Wenzangu wanasema nina pupa. Je, mzio wa umio huwapata wengi?

JIBU: Marahaba. Pupa tuiweke kando. Ugonjwa huo upo: chembe za damu ziitwazo eosinofili hujazana kwenye umio, ukavimba na kuwa mwembamba. Huko Marekani hukadiriwa kumpata mtu 1 hivi kati ya 700, kwa hiyo wenye pumu wengi hawana. Ila geuza hesabu: wengi wa wagonjwa wake wana pumu au mzio mwingine, na wanaume ndio wengi zaidi.

Niambie, unashushia kila tonge kwa maji? Mkate mkavu unaukwepa? Wengi huzoea hivyo miaka mingi bila kujua.

Omba kipimo cha kamera, na vinyofu vya umio vichukuliwe hata umio ukionekana mzima. Maziwa na ngano ndivyo vichochezi vikuu, lakini usiache chochote kabla ya kipimo. Ikikwama tena na mate hayapiti, nenda hospitali saa hiyohiyo.