Re: Nataka kuacha kazi nikajitolee Sudan Kusini

Ndugu, umesema una miaka 29, ni mhasibu, mshahara unaingia ila moyoni huoni maana, na mwezi ujao unataka kuacha kazi ukajitolee Sudan Kusini. Hiyo barua ya kuacha kazi isubiri kidogo.

Uhasibu ndio tiketi yako. Shirika la misaada la Madaktari Wasio na Mipaka, kwa mfano, huchukua pia watu wa fedha, bohari na magari, na wanataka mwenye uzoefu kazini. Wanaojitolea kupitia Umoja wa Mataifa (UNV, makao makuu Bonn) hupata posho ya kujikimu na bima ya afya, na kujisajili mtandaoni ni bure. Akitokea wakala anadai ada ya kukupeleka kambi ya wakimbizi, huyo tapeli, mkimbie.

Sasa kazi yenyewe. Utalinganisha stakabadhi za dizeli na daftari la dereva, utahesabu magunia ya unga jua likiwaka, utamwambia mama mwenye kadi ya mgao iliyochanika asubiri uhakiki huku mtoto analia mgongoni. Wa kukushukuru hutamwona kila wiki. Kama kinachokuchosha ni makaratasi, huko yapo tena kwa nakala tatu!

Mimi ningeomba likizo bila malipo nianzie karibu. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ipo tangu 1996, na mashirika ya huko Kigoma hutangaza nafasi.

Kifaransa unakijua hata kidogo? Kinasaidia sana kwa Kongo na Burundi.